Vidole vya Nyumba ya Meno

Maparachichi yalikuwa matatu, na yote matatu yalikuwa mawe.

Bi Mwanaesha aliyapanga juu ya sinia, akalibonyeza moja kwa kidole gumba, kisha akamtazama binti yake. "Fadhiya, mwanangu, haya umeyanunua ya kula au ya kumpigia mtu?"

"Niliyabonyeza, mama. Yalikuwa laini."

"Laini kwa nani?"

Fadhiya alilichukua moja, akalibonyeza tena. Kule Marikiti, Kingi muuza matunda alikuwa amemwambia jambo lilo hilo, ila kwa kicheko. "Dadangu, hayo ni ya wiki ijayo. Ya leo ni haya hapa." Yeye akang'ang'ania aliyoyachagua, kwa kuwa alikuwa ameyabonyeza yale na haya na hakuona tofauti. Siku hizi hakuona tofauti ya kitu. Parachichi, chupa, ukuta, vyote vilimrudishia jibu moja.

Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa. Gumba, cha shahada na cha kati, mkono huu na huu. Ilianza wakati wa mvua kubwa za Elnino, nyumba zote za Mji wa Kale zilipofunga madirisha miezi mizima. Kwanza alisikia kama sisimizi wanamtembea chini ya ngozi. Kisha ngozi ikakauka na kupasukapasuka. Kisha kimya. Alipaka hina ili mipasuko isionekane, na wanawake wa kichochoroni wakamuuliza harusi ni ya nani.

Hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani anajua ni nini. Baba yake, Mzee Faraj, alikuwa amefariki mwaka juzi. Watu walijaa matangani. Fadhiya akapika, akapakua, akaosha vyombo, wala hakutoa chozi. Walimsifu kwa subira. Haikuwa subira. Aliyaangalia yote yale kama mtu anayeangalia mtaa wa wengine kupitia dirishani. Basi vidole vilipokufa, aliona ni kitu kile kile, kimeshuka tu kutoka kifuani hadi mikononi. Alikipokea bila kubishana nacho.

Ila riziki yake ilikuwa kwenye vidole hivyo.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja, kwenye kichochoro kinachopinda nyuma ya msikiti, na watu wa mtaa waliiita Nyumba ya Meno. Juu waliishi watu. Chini, katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni, yalitengenezwa meno ya bandia. Mzee Faraj ndiye aliyeanza, ndugu yake mdogo Badawi akamfuata, na Fadhiya, ambaye hakujaaliwa kaka, akakaa kwenye kiti cha tatu tangu alipomaliza skuli. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na viti vilivyokaliwa vilikuwa viwili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meno hupangwa juu ya nta, nta ikazikwa ndani ya plasta katika kikasha cha shaba, kisha ikamwagiwa maji ya moto iyeyuke itoke. Panabaki uwazi wenye umbo la ufizi. Katika uwazi huo hushindiliwa donge la rangi ya waridi, na donge hilo huchanganywa kwa vitu viwili: unga, na kile walichokiita maji ya meno.

Hayakuwa maji. Yalikuwa meupe kama maji ya kisima, lakini mepesi zaidi, na yakigusa mkono huacha baridi, kwani huruka upesi hewani. Harufu yake ilikuwa kali, yenye utamu unaokera, inayokaa kooni hata baada ya mtu kutoka. Yalikaa katika chupa ya rangi ya kahawia, kabatini, mahali pa baridi, kwa maana hayapatani na jua. Juu ya rafu palikuwa na ushahidi. Katika ujana wake Mzee Faraj aliyatia katika chupa nyeupe akayasahau dirishani, na baada ya muda yakaganda humo humo, yakawa jiwe linaloonekana ndani mpaka nje, na kiputo kimoja kimenaswa katikati. Alivunja chupa, akalifanya lile jiwe kizito cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Lilikuwa pale bado.

Unga na maji vikikutana katika kikombe chenye kifuniko, kwanza huwa kama mchanga mbichi. Halafu huvuta nyuzi kama bamia. Halafu huja kitambo kifupi ambacho donge humwacha mtu kidole kikiwa safi, na hicho ndicho kitambo chenyewe, ukiwahi mno, lanata; ukichelewa, limekuwa mpira, halikubali tena kuingia. Katika Nyumba ya Meno kitambo hicho kilipimwa kwa kidole. Kingo nazo zililainishwa kwa kidole kilichochovywa katika yale maji. Baada ya hapo ni jiriwa ya kukaza kikasha, na kuchemsha polepole, kwani ukiharakisha moto, maji ya meno huchemka ndani ya donge na kuacha vitundu. Kisha tupa ya chuma ya kukwangua, msasa na mota ya kung'arisha.

Mwisho kabisa ni kupitisha kidole ndani na kandokando, mahali pote. Kichongo, yaani ncha kali iliyochomoza, kikiwa na ukubwa wa chembe ya mchanga, jicho halikioni. Ufizi utakiona.

Wazee wa nyumba hiyo hawakupitisha kidole. Walipitisha mdomo. Baada ya kuyaosha meno, Mzee Faraj na ndugu yake waliyateleza juu ya mdomo wa chini, taratibu, macho yamefumbwa, kama mtu anayeonja mchuzi. Fadhiya aliwaona hivyo tangu utotoni. Baba yake alimwambia yeye atumie kidole, kwa kuwa haipendezi mtoto wa kike kutia midomoni vitu vya watu. Naye aliamini kwamba mdomo ndio cheo cha fundi mkuu, na kwamba huenda siku moja akakifikia.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili alikuja Mzee Barnabas, aliyekuwa karani wa reli na sasa amestaafu, msomaji wa masomo kanisani kwake. Jumamosi iliyotangulia alikuwa amechukua meno yake ya juu, kazi ya Fadhiya.

"Hodi humu!"

"Karibu, Mzee Barnabas. Sabalkheri."

"Kheri itoke wapi, binti yangu? Mimi niliagiza meno ya kuuma nyama, nyinyi mmenipa ya kuniuma mimi."

Aliyatoa mdomoni, yakaja na uzi mwembamba wa damu. Ami Badawi aliyapokea, akayaosha vizuri, akayaweka kwenye mdomo wake wa chini na kuyavuta kidogo kidogo. Mkono ukasimama.

"Hapa," alisema.

Akapiga tupa kidogo, akapitisha tena, akaridhika. "Tuwie radhi, mzee mwenzangu."

"Nimekuwieni radhi. Lakini hayo ya chini yaje na adabu. Pasaka nasoma, na bila ya meno ya chini shetani huwa thetani. Jana watoto walicheka kanisa zima, hata padre."

Mzee Barnabas alipokwenda zake, Badawi hakugeuka kumtazama Fadhiya. Alikuwa akiifuta tupa.

"Ulipitisha kidole?"

"Nilipitisha, ami."

"Na hukukiona."

"Sikukiona."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mimi nataka kupumzika. Nia yangu ni ikifika Maulidi nikuachie chumba hiki chote, na ufunguo wa kabati. Ya chini ya mzee yule utayafanya wewe, mwanzo mpaka mwisho. Yakitoka safi, chumba chako. Yakitoka kama yale ya juu, utabaki kwenye plasta na nta, nami nitatafuta mtu wa kumaliza kazi. Siwezi kuacha jina la babako kwa mkono usioona."

"Sawa, ami," alisema Fadhiya. Alingoja kuona kama maneno yale yangemuuma. Hayakumuuma, akarudi kwenye plasta.

Wiki hiyo hiyo akaja Priscah. Alikuwa fundi wa meno aliyesomea kazi hiyo chuoni Nairobi, akiajiriwa hospitalini, na jioni akifanya kazi zake ndogo nyumbani. Maji ya meno yaliletwa kutoka Nairobi kwa mkebe mkubwa, kwa hiyo yeye na Badawi waliagiza mmoja wakagawana. Alikuja na chupa yake ya kahawia chini ya kwapa, akakaa kungoja, na katika kungoja akamwona Fadhiya anachovya kidole.

"Dada Fadhiya, hicho kidole wakitia wapi?"

"Nalainisha. Hata nimevaa glavu, tazama." Ngozi ilipoanza kupasuka alikuwa ameanza kuvaa glavu nyembamba za mpira.

"Hizo kwa maji haya ni chandarua. Yanapenya kwa dakika chache tu, halafu hayana pa kutokea. Umeyafungia chumba kimoja na ngozi yako. Vua nione."

Fadhiya alivua. Priscah aliangalia hina, akaangalia chini ya hina.

"Zimekufa ganzi?"

"Ni mambo ya moyo tu. Tangu baba."

"Pole sana." Priscah alisema hivyo kwa kumaanisha. "Lakini mamangu, huzuni haichagui vidole. Hivi vitatu ndivyo unavyochovya. Kidole chako kidogo kikoje?"

Fadhiya alikisugua kidole kidogo kwenye ukingo wa meza. Kilikuwa kizima. Aliona ukingo wote, hadi mkwaruzo wa kisu. Hakuwahi kufikiria kukiuliza.

"Jina lake la vitabuni ni methakrilati," alisema Priscah. "Yakishakauka na kuwa jino hayana neno. Yakiwa maji ndiyo matata. Usiyaguse kabisa. Tumia kijiko bapa kupima na kulainisha, na kati ya mkono na donge weka karatasi ya nailoni. Kikombe kifunikwe, dirisha liwe wazi, chupa ifungwe pale pale."

Ami Badawi alicheka. "Priscah mwanangu, wewe umesoma. Mimi nina miaka thelathini na maji haya." Akainua mikono miwili juu kama mtu aliyekamatwa. "Imeanguka hii?"

Priscah hakucheka, maana wakati huo alikuwa amekiona kitu mlangoni. Bi Mwanaesha, tangu alipoolewa katika nyumba hiyo, alikuwa akifukiza udi kila alasiri na kuuteremsha chini katika chetezo chenye makaa, ili harufu ya kazi isiwaudhi majirani. Chetezo kilikuwa kinafuka taratibu sakafuni. Priscah alikishika kwa mpini wake, akakitoa nje kichochoroni.

"Mvuke wa haya maji haupandi juu, Mzee Badawi. Ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama paka mpaka ufike penye moto, kisha unarudi nao ulikotoka."

"Nani ametoa udi wangu?" sauti ya Bi Mwanaesha ilishuka kwenye ngazi. "Majirani waambiweje, humu twapika rangi?"

"Waambiwe mu wazima, mama!" Priscah alimjibu.

"Mtoto wa watu ana ulimi," alisema Bi Mwanaesha, na alasiri iliyofuata akateremsha chetezo kama kawaida.

Fadhiya alichukua nusu ya maneno ya Priscah. Glavu alizitupa. Alikata karatasi ya nailoni, akaitumia kushindilia donge. Lakini kitambo cha donge aliendelea kukipima kwa kidole, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na kijiko kilionekana kama kumwambia marehemu kwamba alikosea.

Alianza meno ya chini ya Mzee Barnabas. Alasiri aliyochanganya donge, chetezo kilikuwa mahali pake mlangoni, na ami alikuwa nyuma akichekecha unga wa plasta. Fadhiya alimimina, akarudisha kifuniko cha chupa. Kifuniko kikikaa sawasawa, kidole hujua. Chake hakikujua. Alipogeuka kuchukua nailoni, kiwiko kikaipiga chupa, ikaanguka sakafuni na kubingirika, na kifuniko kikaenda zake upande mwingine.

Aliyaona maji yakitanda juu ya sakafu iliyoinama kidogo kuelekea mlangoni, akaelewa yanakokwenda, akakimbia na kukinyakua chetezo kwa bakuli lake la moto, si kwa mpini wake, maana mpini ulikuwa upande wa ukuta. Mwali wa buluu ulimpita miguuni ukirudi ndani. Nyuma yake alisikia ami akisema "Ya Rabi," na debe zima la unga wa plasta likimwagwa, na baada ya hapo hapakuwa na sauti.

Alikuwa amesimama kichochoroni na chetezo mkononi. Udi ulinukia vizuri. Kisha harufu nyingine ikaingia ndani ya ule udi.

"Kiweke chini!" Bi Mwanaesha alikuwa kwenye ngazi. "Fadhiya! Kitupe, kitupe!"

Alikiweka chini. Alitazama mkono wake wa kulia. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa nyeupe na imevimba, hina imeondoka nayo. Alivitazama kama vidole vya mtu aliyeketi karibu naye.

Ami Badawi alitoka, mweupe kwa plasta kutoka kofia hadi viatu. Moto ulikuwa umezimika. Hakuuzungumzia. Alikuwa akitazama mkono.

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

Mzee aliinua mkono wake mwenyewe, akagusa mdomo wake wa chini, akaushusha upesi. Fadhiya aliliona hilo. Alikuwa ameliona maisha yake yote.

"Na wewe, ami?"

Badawi alitazama ngazini kwanza. Bi Mwanaesha alikuwa amekwenda kuleta maji ya baridi.

"Vidole vya babako vilitangulia kufa," alisema. "Vyangu vikafuata. Mdomo hauna ganzi. Tukaona, basi, mdomo watosha."

Mama alirudi na ndoo, mkono ukatiwa ndani, ukakaa humo. Fadhiya alikuwa akifikiria jambo jingine. Baba yake alipompapasa shavu alitumia mgongo wa mkono. Alipokuwa mtoto, alipokuwa mkubwa, hata kitandani siku za mwisho: mgongo wa mkono, sikuzote, akiusogeza polepole kutoka sikioni hadi kidevuni. Alidhani ndiyo tabia yake. Kumbe alikuwa akitafuta mahali katika mkono wake ambapo mtoto angesikika.

Chozi halikuja. Ila kitu kilisogea ndani yake, kama kabati zito linaposogezwa ghorofani na mtu wa chini akasikia.

Alikaa bila kazi. Mkono ulifungwa bendeji kwenye zahanati, ukafunguliwa, ukafungwa. Siku za mwanzo haukumuuma, na muuguzi hakulipenda hilo. Yeye alikaa juu na mama yake, akichambua mchele kwa mkono wa kushoto, akisikiliza mota ya ami ikilia chini. Bi Mwanaesha sasa alifukizia udi wake dirishani huko huko juu, na majirani hawakusema kitu. Wiki zilipita. Adhuhuri moja mama alikuwa akibandua bendeji, Fadhiya akauvuta mkono.

"Nimekuumiza?"

"Ndiyo."

"Pole, mwanangu."

"Hapana. Endelea."

Mama aliendelea. Iliuma, ndani, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Fadhiya alingoja kufurahi. Kilichokuja kilikuwa usingizi mzito wa mchana, aliolala mpaka alasiri bila kuota.

Mkono wa kulia ulisimamia hapo. Uliuma ukipenda, ukanyamaza ukipenda. Wa kushoto, uliopumzika tu bila kuungua, ndio uliorudi, na haukurudi wote. Kilirudi kidole cha shahada. Alikijaribu juu ya mchele, akatenganisha punje nzima na chenga huku ametazama kwingine.

Wiki moja kabla ya Pasaka aliteremka chini. Alifungua dirisha. Alichanganya donge, akalifunika, akalipima kwa kijiko bapa, na mara mbili za kwanza alikosea kitambo akalitupa. Ami alitazama donge la pili likienda kwenye pipa, akarudi kwenye plasta yake. La tatu lilikiachia kijiko kikiwa safi. Alilishindilia juu ya nailoni, akakaza jiriwa, akachemsha polepole, akapiga tupa na msasa. Maji ya meno hayakumgusa popote. Kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo shingoni mwa ami.

Alipomaliza kung'arisha, aliyaosha na kumpa. Badawi aliyapokea, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukayapeleka mdomoni. Ulisimama njiani. Akayarudisha juu ya meza mbele ya Fadhiya.

"Pitisha kidole."

Fadhiya alifumba macho. Alianza nyuma kushoto, akazunguka ndani, akaja mbele penye uti mwembamba chini ya meno, akapita, akarudi.

"Hapa."

"Sioni kitu."

"Kipo, ami. Hapa."

Badawi alipiga tupa pale alipoonyeshwa, kidogo mno. Fadhiya alipitisha tena, mzunguko mzima, na mzee akingoja amekunja mikono kifuani.

"Hakuna," alisema Fadhiya.

"Una yakini?"

"Nina yakini."

"Yatie katika maji yalale humo, utoke ukali uliobaki. Mzee atayachukua kesho." Alivua kamba shingoni, akauweka ufunguo wa kabati kando ya lile jiwe lenye kiputo, akakaa. Alikuwa akikitazama kidole cha Fadhiya.

"Kukisikia kile kichongo," alisema, "kukoje?"

"Kinachoma kidogo."

"Kidogo vipi?"

Fadhiya aliuvuta mkono wa ami yake juu ya meza, akaugeuza, akapitisha kidole kile kimoja polepole juu ya mgongo wake, pale ambapo ganzi haikufika.

"Hivi," alisema.